Miezi 12 na kibamba cha Silver Buddy: ziwa la Percy Priest, kutoka baridi hadi baridi

Nilikinunua Januari ya mwaka jana na leo ni Januari tena, kwa hiyo ninayoandika si ya mtu aliyefungua pakiti jana. Kinaitwa Silver Buddy, chambo bandia cha kuvulia samaki. Ni kipande cha chuma bapa, urefu wa kidole gumba, kimekatwa kwa umbo la samaki, na upande wa kichwa chini kimetiwa risasi ili kiwe kizito. Mgongoni kina tundu la mshipi. Chini zinaning'inia ndoano mbili za pembe tatu, moja kifuani, moja mkiani. Changu ni cha nusu aunsi, gramu 14 hivi, rangi ya fedha. Mimi na jirani yangu tumezoea kukiita kibamba, na humu nitakiita hivyo.

Wavuvi wengi wa hapa Tennessee wanakijua kama chambo cha baridi. Desemba wanakitoa sandukuni, Machi wanakirudisha. Mimi nimekitumia mwaka mzima, na nasema wazi kwamba wanakiweka mapema mno. Kuna wiki chache tu ambazo hakifai, na nitazitaja.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kwetu mwanamke haendi ziwani usiku na wavuvi. Kazi yetu ilikuwa ufukweni Kibirizi, kuanika dagaa, kuwageuza, kuwafukuza kunguru, kuwaokota kabla mvua haijashuka. Lakini baba yangu mdogo alikuwa anavua migebuka kwa mshipi wa mkono, ndoano zake amezifunga manyoya meupe ya kuku, bila chambo chochote cha nyama. Mchana akishona nyavu alikuwa anatuonyesha sisi watoto jinsi mkono unavyokwenda: unapanda, unashuka, halafu unatulia. Alikuwa anasema mgebuka hali kile kinachopanda, anakula kile kinachoshuka. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sikujua kwamba somo hilo nitakuja kulihitaji Nashville, nikiwa nimetoka zamu ya usiku kwenye dobi la hospitali, nimesimama juu ya mwamba na glovu mbili mbili mikononi.

Jirani yangu ni mzee wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika kama kwetu. Tunakaa jengo moja huku Antioch, mtaa wa Nashville, na ziwa la Percy Priest liko karibu kiasi kwamba asubuhi nikitoka kazini napita kuvua saa moja na nusu kabla ya kulala. Yeye akisema ndagala, mimi nasema dagaa. Yeye akisema mukeke, mimi nasema mgebuka. Samaki ni walewale na ziwa ni lilelile. Siku ya kwanza aliponionyesha shedi, samaki wadogo wa huku, waliokufa wakielea pembezoni mwa Percy Priest, alimchukua mmoja kwa vidole viwili akamwinua kwenye mwanga, akasema, "Mama, angalia huyu. Ni ndagala wa kwetu, amenenepa tu." Hakukosea. Shedi na dagaa wa Tanganyika ni wa jamaa moja. Na kama vile mgebuka anavyoishi kwa kumfuata dagaa, ndivyo samaki wa hapa wanaoitwa besi wanavyomfuata shedi kokote aendako. Ukilielewa hilo umekielewa kibamba, kwa sababu chuma hiki kinamwigiza shedi na si kitu kingine.

Percy Priest ni bwawa lililojengwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kwenye mto Stones miaka ya 1960. Kiangazi maji yakijaa linafika ekari 14,200. Chini ni mwamba wa chokaa, ngazi ngazi, na kingo za mto wa zamani bado zimo humo chini ya maji. Wapo besi wa mdomo mkubwa, besi wa mdomo mdogo, besi wa madoa, na besi weupe wanaotembea kwa makundi. Kibamba kimenipa wote wanne.

Nianze na baridi, maana ndiko sifa yake ilikotoka. Shedi wadogo wa huku hawaivumilii baridi kali. Maji yakishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi wanaanza kulewa: wanatetemeka, wanalala ubavu, wanazama kidogo, wanajikakamua, wanazama tena. Besi naye wakati huo damu yake imepoa, hana nguvu ya kumkimbiza kitu. Anakaa chini, anangoja kinachoanguka mbele ya mdomo wake. Sasa chukua chuma chako, kiache kifike chini kabisa, kisha inua ncha ya fimbo shibiri moja, isizidi mbili. Kinatetemeka. Mtetemo huo unausikia hadi kwenye kiwiko, kama simu iliyo mfukoni ikiita bila sauti. Kisha ukishushe kwa mshipi uliolegea kidogo tu. Kinaanguka kwa kuyumba, kinameta ubavu huu na ubavu huu. Ni shedi anayekufa.

Samaki wangu wa kwanza kwa kibamba sikumsikia akigonga. Maji yalikuwa nyuzi 6, ukungu umekaa juu ya ziwa, nilikuwa kwenye ncha ya mwamba upande wa Hamilton Creek. Kila nikiinua na kuachia nilikuwa nahesabu, na kila mara ilichukua hesabu ya tatu kugusa mwamba. Mara moja nikafika mbili mshipi ukaacha kushuka. Basi, hakuna kingine kilichotokea. Haukuvutwa wala haukutikisika, ulisimama tu kabla ya wakati wake. Mkono ukakumbuka kabla ya kichwa, nikanyanyua fimbo, na upande wa pili kukawa na uzito hai. Alikuwa besi wa mdomo mdogo, rangi ya shaba, mistari ya wima ubavuni, macho mekundu, sentimita 46 kwa kipimo changu. Ndoano ya kifuani ilikuwa imemshika kwenye kaakaa la juu, katikati kabisa. Nilimshika majini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu sikutaka aende. Kisha nikamwachia.

Kosa wanalofanya wengi majira haya ni kuvuta kwa nguvu. Nimewaona pale kwenye mwamba wakichapa fimbo juu kama wanaofukuza inzi. Ukiinua kwa ghafla, kibamba kinapinduka na ndoano ya mkiani inaukamata mshipi. Unakirudisha chote kikiwa kimejifunga chenyewe, umepoteza mtupo mzima. Mzee wa Uvira aliniambia siku moja, "Usikiamshe. Kitikise tu usingizini." Tangu hapo hakijifungi ila mara chache sana.

Machi maji yanapovuka nyuzi 10, samaki wanaanza kupanda kuelekea kwenye kingo za mawe, wanajiandaa kutaga. Hapa nabadilisha uzito, nachukua cha robo aunsi, na nabadilisha mwendo pia. Badala ya kukiinua na kukidondosha natupa sambamba na ukingo, nahesabu kidogo, kisha nazungusha rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, polepole kiasi cha kusikia mtetemo tu, chuma kipite juu ya mawe bila kuyagusa. Kila hatua chache nasimamisha mkono, kidondoke kidogo, naendelea. Wengi wanaingia pale kinapodondoka. Katikati ya Machi nilipata wiki mbili ambazo sikutoka mikono mitupu hata asubuhi moja, na zote ilikuwa ni kuta za mawe zinazopigwa na jua la kwanza.

Halafu zinakuja zile wiki nilizosema hakifai. Maji yakifika nyuzi 16 hadi 18 besi wanaingia maji mafupi kutaga, wa mdomo mkubwa hasa wanakaa kwenye vichaka vilivyozama na matawi. Kibamba hakina kinga yoyote. Ncha sita za ndoano ziko wazi, na kila kijiti ni mtego. Isitoshe dume ndiye anayebaki analinda mayai, na mimi sipendi kumtoa pale. Mwisho wa Aprili na sehemu ya Mei chuma changu kinakaa sandukuni. Mwenye haraka atumie chambo laini cha plastiki.

Kiangazi ndicho kilichonishangaza. Niliambiwa na muuzaji wa duka kwamba Julai nisihangaike nacho. Lakini Julai ndipo shedi wanapokusanyika makundi makubwa katikati ya ziwa, na alfajiri besi weupe wanawapandisha juu hadi maji yanachemka kama ugali unaoiva. Makundi hayo hayakai. Yanatokea mita 40 kutoka kwenye boti, dakika moja, yanazama, yanatokea kwingine. Chambo chepesi hakifiki. Kibamba ni kidogo na kizito, kinakwenda kama jiwe la teo hata upepo ukiwa usoni. Unakirusha ng'ambo ya kundi, unazungusha rili kwa kasi chini kidogo ya uso wa maji. Ukikosa juu, unaacha kizame, maana chini ya wadogo wenye fujo kuna wakubwa wanaookota mabaki. Asubuhi moja tukiwa kwenye boti ya bati ya mzee nilitoa samaki 11 ndani ya saa moja, wote besi weupe ila wa mwisho, mdomo mdogo aliyekuja chini yao. Besi weupe tulikula. Niliwakaanga na ndimu na chumvi, kwa ugali, na watoto wangu waliozaliwa hapa, ambao samaki mwenye mifupa kwao ni mtihani, walimaliza.

Jua likipanda, mambo yanahamia chini. Kiangazi maji ya bwawa yanagawanyika tabaka: ya juu ya moto yenye hewa, ya chini baridi lakini hewa ya kupumulia samaki imekwisha. Usishushe kibamba kwenye mita 15 kwa sababu tu kinaweza kufika. Huko hakuna samaki. Mzee ana kifaa cha sona, kinachoonyesha kilicho chini ya maji, anatafuta pale ukingo wa mto wa kale unapokutana na mpaka wa tabaka, na hapo ndipo tunaposhusha, moja kwa moja chini ya boti, kama kule kwetu.

Vuli ni majira yangu. Kuanzia Oktoba shedi wanaingia kwenye vijito, na besi nyuma yao. Unaweza kumfuata samaki wiki kwa wiki, kutoka mlangoni mwa kijito hadi ndani, kwa kuangalia tu ndege wanakoshukia na shedi wanakorukia. Natumia nusu aunsi ya fedha maji yakiwa maangavu, na ya dhahabu baada ya mvua, maji yakiwa na tope. Shida pekee ni majani. Miti ya huku inapukutika yote kwa pamoja, na mwezi mzima ukivuta mshipi unavuta na jani, na kibamba chenye jani hakitetemeki kabisa. Ukiacha kuusikia mtetemo mkononi kirudishe, usafishe, usipoteze muda wa kuwaza. Novemba, maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 13, ndipo nilipompata mkubwa wa mwaka, mdomo mkubwa wa kilo mbili na nusu, kwenye mita tatu tu za maji.

Sasa kasoro, na nazisema kwa uzito uleule.

Chuma hiki kinakata. Ukingo wa tundu la mgongoni ni mkali na ukifunga mshipi moja kwa moja pale, unasagika. Nilipoteza cha kwanza hivyo, kwenye mtupo tu, bila samaki wala mwamba. Kilikwenda zake nikabaki na mshipi unaopeperuka. Tumia kibanio kidogo cha waya chenye kichwa cha mviringo, kifungwe tunduni, na mshipi ufungwe kwenye kibanio. Kibanio kikubwa mno kinaua mtetemo.

Uzito wake, ambao ndio nguvu yake, ndio pia unaomsaidia samaki kuponyoka. Besi akiruka na kutikisa kichwa, gramu 14 za chuma zinageuka nyundo mdomoni mwake na ndoano zinachomoka. Nimepoteza wengi hivyo. Dawa ni kuweka ncha ya fimbo chini karibu na maji na kutolegeza mshipi hata kidogo. Fimbo iwe yenye ncha laini kiasi. Ile ngumu ya kuvunjia magugu itawachania midomo.

Kinanasa. Kwenye miamba ya chokaa, kwa mwaka nimeacha huko chini vitano. Kikinasa usivute. Legeza mshipi, tikisa ncha ya fimbo harakaharaka, uzito wa chuma wenyewe utapigapiga na kuchomoa ndoano. Mara saba kati ya kumi kwangu kinatoka. Ukiwa kwenye boti, pita upande wa pili ukivute kwa kule kilikoingilia.

Na kuna pakiti za bei rahisi mtandaoni, vibamba 10 kwa bei ya viwili. Nilijaribu. Sitaji jina. Viwili havikutetemeka hata kidogo, vilizunguka kama parafujo na kuusokota mshipi wangu wote. Ndoano ziliota kutu kabla ya mwezi kuisha, na moja ilinyooka kama pini nikiwa na samaki ninayemwona kabisa chini ya maji. Kipande kimoja risasi ilibanduka. Nilivitupa vyote, na sikumpa mtu, maana ningempa hasara. Silver Buddy moja ilinigharimu zaidi kidogo ya dola tano. Kwa mshahara wa dobi hiyo si pesa ya kuchezea, lakini kimoja kilichonibakia tangu Machi bado kinafanya kazi, kimechubuka tu usoni. Ndoano nazinoa kila Jumapili kwa tupa ndogo ya kucha.

Mtu anayeanza kabisa pengine ningempa Heddon Sonar kwanza. Ni ya ukoo huohuo lakini ina matundu matatu mgongoni. Ukifunga la mbele kabisa mtetemo ni wa haraka na mwembamba, ukirudi nyuma unakuwa mpana na mzito. Ndani ya asubuhi moja mkono unajifunza tofauti ambayo maneno hayafundishi. Mimi hata hivyo nimerudi kwa Silver Buddy kwa sababu ya anguko lake. Hakiteremki wima kama chubwi, kinakwenda kwa ubavu kikiyumba, na anguko ndilo ninalolivulia.

Kilitengenezwa jirani hapa, Kentucky, na aliyekivumisha ni Billy Westmorland, mvuvi wa Dale Hollow, ziwa lililoko kwenye mpaka wa majimbo haya mawili. Ni ziwa lile ambalo David Hayes alimtoa besi wa mdomo mdogo wa pauni 11 na aunsi 15, tarehe 9 Julai 1955, rekodi ya dunia inayoshikilia hadi sasa. Hayes hakutumia kibamba. Nimekwenda huko mara moja na mzee, tukalala garini, tukapata wawili wadogo na baridi ya kutosha mwezi mzima. Nitarudi.

Desemba kuna kijana wa kwetu aliyekuwa anasafiri kwenda Kigoma. Nilimpa viwili, cha fedha na cha dhahabu, ampelekee baba mdogo, ndoano nimezifunga kwa kizibo zisimchome mtu njiani. Vimefika. Jumapili iliyopita baba mdogo alinipigia, akaniuliza maswali kama fundi: risasi hii imeyeyushiwa hapo hapo au imegongwa? Kwa nini tundu liko mgongoni na si puani? Nikamweleza mtetemo, akanyamaza, nikasikia kitu kikigonga meza. Alikuwa amekifunga kwenye uzi, anakiinua na kukiachia.

Amesema ndoano ya mkiani ataitoa, inatosha moja. Cha fedha ndicho atakachoanza nacho. Bado hajakitia majini kwa sababu mwezi ni mpevu, taa haziwavuti samaki, na hakuna anayetoka. Anasubiri giza.